Uzi kwa mnaokuja Japani: izakaya, na kile kibakuli ambacho hukukiagiza

#1 MtoRuvu

Wakuu, salaam.

Kila inapofika Aprili na Oktoba, wanafunzi wapya wanapotua, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, tumekwenda kula, wametuletea kitu hatukukiagiza halafu wametukata hela." Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora nifungue uzi mmoja niyaweke yote hapa. Niko Osaka mwaka wa sita. Nilikuja kusoma, nikabaki kufanya kazi, na sehemu kubwa ya Kijapani ninachozungumza nimekiokota kwenye kaunta za izakaya kuliko darasani. Naandika kwa mapenzi, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Wengi huwaambia wageni kuwa izakaya ni baa ya Kijapani. Wengine wanasema ni mgahawa. Mtanzania mimi namwambia neno moja tu: grosari. Jina ni la duka, lakini watu huenda kukaa. Na izakaya ilizaliwa hivyo hivyo. "I" ni kukaa, "sakaya" ni duka la pombe. Zamani za Edo, yaani Tokyo kabla haijaitwa Tokyo, maduka yaliuza sake, pombe yao ya mchele, kwa kipimo, mteja anakuja na chombo chake. Mji ule ulijaa wanaume waliotoka mikoani kutafuta kazi au kumtumikia bwana wao, familia wameziacha kwao, hata jiko la maana hawana. Wakaanza kunywea pale pale dukani. Wenye maduka nao wakaongeza cha kutafuna, na tofu, ile jibini ya soya, ikichomwa kwenye kijiti na kupakwa miso, rojo ya soya iliyochachushwa, ikapendwa sana. Kutoka kusimama, watu wakafikia kukaa.

Shikeni hilo neno, kukaa, maana mengine yote yanatokana nalo.

Nje utaona taa ya karatasi nyekundu, akachochin. Mlangoni pana pazia la kitambaa, noren. Likiwa limetundikwa, wamefungua. Likiwa limeingizwa ndani, wamefunga. Ukisukuma mlango utapigiwa kelele za "Irasshaimase!" na kila mfanyakazi, hata aliye jikoni asiyekuona. Ni karibu, huhitaji kujibu. Onyesha kwa vidole mko wangapi, usijiketie tu. Ukiona sakafu imeinuliwa na kuna makabati madogo ya viatu, vua, funga, chukua kile kibao cha mbao ambacho ndicho ufunguo. Vaeni soksi nzima siku hiyo.

Ukikaa unaletewa oshibori, kitaulo kilicholowa, cha moto wakati wa baridi na cha baridi wakati wa joto. Ni cha mikono. Hapo hapo wanakuuliza utakunywa nini, kabla hata hujafungua menyu. Usishtuke. Wenyeji wengi wana jibu moja, "toriaezu nama", yaani kwa kuanzia tuletee bia ya bomba, tutafikiria mengine baadaye. Asiyekunywa aseme "ūron-cha", chai ya oolong ya baridi. Hakuna atakayekutazama vibaya.

Na hapo ndipo kinapokuja kibakuli.

Mimi cha kwanza kilinikuta Tenma, mtaa wa hapa Osaka, kaunta ya viti tisa. Kilikuwa cha bluu, kina chake urefu wa kidole gumba. Ndani vipande vinne vya daikon, ile figili nyeupe nene, vimechemshwa polepole mpaka vimegeuka rangi ya chai ya rangi, juu pamewekwa uzi mmoja wa ganda la limau yao, yuzu. Nilidhani ni zawadi. Nikala, nikashukuru, na kwenye bili nikakuta yeni 400 zisizo na jina ninalolijua.

Inaitwa otoshi. Huku Kansai, yaani ukanda wetu wa Osaka, wanaiita tsukidashi. Kwa kawaida ni yeni 300 hadi 500 kwa kila mtu, na ni bei ya kiti chako. Huku hakuna bakshishi. Ukiacha sarafu mezani mhudumu atakukimbilia barabarani akidhani umesahau. Basi kiti, taulo, na yule kijana anayekuja kila ukimwita vinalipwa humo, na badala ya kukuandikia "ada ya kiti" kavu kavu, wanakupa kitu cha kutia mdomoni wakati bia inamiminwa na mkaa unashika. Mama mwenye ile kaunta alikuja kunieleza miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa mteja wake, kwamba kile kibakuli ndicho anachokifikiria kuanzia asubuhi akiwa sokoni. Vingine vyote wateja wanajichagulia. Hicho anachagua yeye. Ndiyo maana mimi sasa nikiingia mahali nisipopajua, kibakuli ndicho kinachoniambia nibaki au ninywe moja niondoke. Wakileta kitu kilichomwagwa kutoka kwenye pakiti, najua. Wakileta mboga iliyochemshwa kwa saa mbili, natulia.

Sasa kula. Kosa kubwa la wetu ni kuagiza kila kitu kwa mpigo, kila mtu sahani yake, tushibe tuondoke. Hapa sahani ni ndogo, zinawekwa katikati, na zinakuja zikiwa tayari, hazisubiriani. Agiza mbili tatu, kula, ongea, agiza tena. Anza na vya haraka: edamame, soya changa za kuchemshwa ndani ya maganda yake na chumvi, unazifinya ziingie mdomoni, na hiyayakko, tofu baridi yenye tangawizi na vitunguu majani. Halafu samaki mbichi, halafu vya jikoni. Kumwita mhudumu ni "Sumimasen!" kwa sauti. Najua kwetu kumpazia mtu sauti ni kukosa adabu. Hapa ukinong'ona utakaa na njaa. Penye kitufe mezani au tableti, bonyeza tu.

Mishikaki yao, yakitori, ndiyo iliyonifunga mimi. Kaa kaunta, mbele ya moto, usikae meza ya nyuma. Ile kaunta ya Tenma mzee anachoma kwa binchotan, mkaa wa mwaloni mgumu kama chuma, ukigonganisha vipande viwili vinalia kama kengele. Hautoi moshi mwingi wala ndimi za moto, unatoa joto tu. Moshi unaouona ni mafuta ya kuku yakidondoka. Mkono mmoja feni ya karatasi ngumu, mwingine unageuza vijiti, vinane kwa pamoja, na hakuna kinachoungua. Chumvi anaitupia kutoka juu kabisa, usawa wa bega, ili isambae kama manyunyu. Nilimuuliza kwa nini asiinamie karibu, akachukua kipande, akatupia chumvi kwa karibu, akanipa nionje. Upande mmoja chumvi kali, mwingine hakuna kitu. Nikaelewa.

Kuku hatupwi kitu. Momo ni paja, negima ni paja limepishana na vitunguu vikubwa vya majani, sunagimo ni firigisi, hatsu moyo, reba ini, kawa ngozi, nankotsu gegedu, bonjiri ule mkia wenye mafuta ambao kwetu wazee hugombea. Tsukune ni nyama ya kusaga. Utaulizwa "tare" au "shio". Tare ni mchuzi mzito mtamu wa soya, shio ni chumvi. Firigisi na gegedu kula kwa chumvi, ini kwa tare. Huo ni msimamo wangu na sitoki hapo.

Ukinywa na watu, humimini glasi yako mwenyewe. Unamwangalia jirani, yake ikipungua unamjazia, naye atakujazia. Chupa kwa mikono miwili. Mkigonga glasi na mkubwa wako, hakikisha ukingo wa glasi yako uko chini ya wake. Mtu aliyelelewa na shikamoo haoni tabu hapo, mwili wenyewe unakumbuka. Na kabla ya kugonga hakuna kunywa: subirini vinywaji vyote vifike, "Kanpai!", ndipo.

Vijiti vya kulia, mawili tu nawaomba. Usivisimamishe kwenye wali, na usimpe mtu chakula kutoka vijiti vyako kwenda vijiti vyake. Yote ni mambo ya msiba. Wali wenye vijiti vilivyosimama ni wa marehemu, na mifupa baada ya kuchoma maiti hupokezanwa kwa vijiti. Ukifanya hivyo mezani, watu watanyamaza.

Mwisho unaagiza shime, cha kufungia tumbo: wali uliomiminiwa chai au mchuzi, onigiri, tonge la wali, ya kuchoma, au tambi. Bili unalipa pale mlangoni. Ukitoka sema "Gochisōsama deshita". Yule mzee wa mkaa, hata awe amezidiwa na kazi namna gani, hilo huliitikia.

Ulizeni.


#2 Kipanga wa Same

Nimeweka kambi hapa. Naondoka mwezi wa tisa kwenda Nagoya, Mungu akipenda. Tiririka mkuu.


#3 Jongoo wa Mbagala

Mkuu nakuheshimu, lakini kwa hicho kibakuli sikubaliani. Tulikuwa wanne, Tokyo, hakuna aliyetuambia kitu. Kila mmoja yeni 500, maana yake 2,000 zimekwenda kabla hatujala. Wawili kati yetu hawakugusa maana kilikuwa ngisi mbichi aliyechachushwa kwenye utumbo wake. Kama ni ada ya kiti, iandikwe ada ya kiti, mtu aamue kabla ya kukaa. Kwetu ukimletea mteja asichoagiza, halipi.


#4 MtoRuvu

Jongoo, hoja yako ina uzito, na Wajapani wenyewe wapo wanaoilalamikia otoshi kama wewe. Sehemu zenye wageni wengi siku hizi huandika mlangoni au mwanzoni mwa menyu, na mimi naona wote wangefanya hivyo. Migahawa yenye matawi mengi, baadhi hukubali ukikataa mapema kabla hujakigusa. Kwenye kaunta ndogo ya mtu na mkewe usijaribu. Pale ni kama kukataa maji uliyokaribishwa nayo.

Huyo ngisi anaitwa shiokara. Hata Wajapani vijana wengi hawamuwezi, kwa hiyo ndugu zako hawana kosa. Lakini ukiwa na kitu usichokula kwa dini au kwa mzio, sema unapokaa, wakati wa kuagiza kinywaji. Wengi watakubadilishia kibakuli bila neno.


#5 BintiKisauni

Assalamu aleikum. Kaka MtoRuvu shukran kwa uzi. Mimi ni wa Mombasa, niko Sendai mwaka wa kwanza. Profesa wetu ameandaa karamu ya kukaribisha wageni wa maabara, na ni izakaya. Mimi Muislamu, ninavaa buibui na mtandio, pombe situmii kabisa. Sitaki kumvunjia heshima profesa, na sitaki kujiingiza pasiponifaa. Naomba ushauri wa dhati: niende, nisiende? Na nikienda nile nini?


#6 MtoRuvu

Waaleikum salaam dada. La kwenda au kutokwenda siwezi kukuamulia, hilo ni la moyo wako na elimu yako ya dini. Ninachoweza kusema ni kwamba mezani utaikuta pombe, na wanawake wamejaa tele, si mahali pa wanaume peke yao. La chakula nawaachia wanaolijua kwa kuliishi. Mama Shehia, kama uko humu, njoo.


#7 MamaShehia

Nipo mwanangu. Mie ni wa Unguja, nipo Fukuoka na mume wangu mwaka wa kumi na moja huu, na suala hili nimelipitia kwa miguu yangu.

BintiKisauni, mdogo wangu, la kwanza nakwambia sema mapema. Si siku ile mezani mbele ya watu, la. Mwandikie yule anayepanga, yule mratibu wao, anaitwa kanji, kwamba huli nguruwe, huli nyama isiyochinjwa halali na hutumii pombe hata ya kupikia. Andika kwa uwazi, "butaniku" na "osake" vyote viwili, na "ryōri ni hairu osake mo", yaani hata ile inayoingia kwenye mapishi. Mjapani ukimwambia mapema anahangaika kukutafutia mpaka unaona haya. Ukimwambia pale pale anapata dhiki yeye, na wewe unabaki na njaa.

Sasa jikoni kwao. Mtego si bia, bia unaiona. Mtego ni mirin, ile ya utamu, ni pombe ya mchele, na sake ya kupikia. Vinaingia kwenye tare ya mishikaki, kwenye mboga za kuchemshwa, kwenye mayai ya kukunja, na kuku wa kukaanga, karaage, hurowekwa humo. Kile kibakuli cha kaka yetu cha daikon, mara nyingi vimo. Sosi ya soya nayo iko yenye kuongezwa alkoholi, na nyengine inatoka yenyewe kwa kuchachuka, na wanazuoni wana maneno yao hapo, muulize unayemuamini. Mie nyumbani nnanunua isiyoongezwa.

Unachobaki nacho si haba. Samaki wa kuchoma na chumvi, shioyaki, uliza kama wametia sake maana wengine hunyunyiza kuondoa shombo. Samaki mbichi, mie nnachukua ndimu na chumvi badala ya sosi. Edamame. Tofu baridi. Saladi, lakini viazi vyao vya saladi hutiwa nyama ya nguruwe, angalia. Viazi vya kukaanga, uliza kama mafuta ni yale yale ya katsu, nguruwe wa kukaanga. Wali mweupe. Na pweza! Wallahi mwaka wa kwanza nilipoona pweza kila menyu nililia. Kwetu Forodhani pweza wa kuchoma, huku wanamkata mwembamba, mbichi au wa kuchemsha, wengine wanamtia wasabi, ile kali ya kijani. Takowasa wanamwita, na hiyo mara nyingi hutiwa sake, usile. Pweza mtupu kwa ndimu kula.

Mie karamu za ofisini za mume wangu nilikwenda, nikakaa na chai yangu ya oolong, saa moja na nusu nikaaga. Wapo ndugu zangu Waislamu hapa hawakai penye pombe kabisa, nao nnawaheshimu, profesa wakamwambia watakula naye mchana. Akakubali kwa furaha. Njia zote mbili zipo, usijione umebanwa.


#8 BintiKisauni

Shangazi, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Nimeshamwandikia leo leo.


#9 Kipanga wa Same

Naomba upande wa fedha. Mfukoni niwe na kiasi gani?


#10 MtoRuvu

Kipanga, jioni ya kawaida, kula vizuri na kunywa viwili vitatu, panga yeni 3,000 hadi 4,000. Glasi ya bia ya bomba ni kama 500 au 600, kijiti cha yakitori 150 hadi 250 na mara nyingi huagizwa viwili viwili. Kodi ni asilimia 10, na menyu nyingine huandika bei bila kodi kwa herufi kubwa na yenye kodi kwa herufi ndogo. Soma ile ndogo.

Kwa mwanafunzi kuna njia mbili. Moja ni tachinomi, izakaya za kusimama. Kwa yeni 1,500 unatoka na furaha yako, na watu huongea na jirani kirahisi kwa sababu hakuna kiti cha kujifichia. Ya pili ni migahawa ya matawi. Torikizoku, iliyoanzia Osaka mwaka 1985, inauza kila kitu kwa bei moja. Ilikaa yeni 280 kabla ya kodi kwa miaka 28, mwaka 2017 ikapanda kuwa 298 na habari ikasomwa kwenye televisheni nchi nzima. Sasa imepanda zaidi ya hapo, lakini bado mwanafunzi anaimudu, na kuku wanachoma vizuri.

Kuna na nomihodai, unalipa kiasi kimoja unakunywa utakavyo kwa dakika 90 au 120. Jueni kwamba oda ya mwisho ni nusu saa kabla, na meza nzima lazima ichukue, si mmoja. Ikiwa nusu yenu hamnywi, msichukue. Mnawalipia wenzenu.

Kugawana bili kunaitwa warikan. Wanagawa sawa kwa sawa hata kama wewe umekunywa chai. Wakubwa wengi hujiongezea wenyewe ili wadogo walipe kidogo, lakini usitegemee.


#11 Nyangumi Mdogo

Naongeza onyo moja kwa watakaopita Tokyo. Shinjuku, upande wa Kabukicho, kuna vijana wanasimama njiani na menyu zenye picha nzuri, wanakwambia sehemu unayoitafuta imejaa, wana tawi jingine karibu, nomihodai bei ya kutupa. Mimi na rafiki yangu tulimfuata. Ghorofa ya sita, chumba kidogo, mlango wa lifti ukifunguka umeshaingia ndani. Chakula kilikuwa vipande vitano vya kuku. Bili ilikuja yeni 14,000: ada ya kiti, ada ya wikiendi, ada ya huduma, kila moja kwa kila mtu, vibakuli viwili kwa kila mmoja. Tulilipa kwa sababu tuliogopa. Huo uvutaji wa wateja barabarani umekatazwa kule, na vipaza sauti vya mtaa vinatangaza usiku kucha kuwa msiwafuate. Hatukuelewa Kijapani. Sasa naelewa, na kila nikipita nasikia lile tangazo.


#12 MtoRuvu

Pole sana mkuu. Wengine shikeni hilo: izakaya nzuri haina mtu wa kukuvuta njiani. Na Shinjuku hiyo hiyo, ukivuka reli upande wa magharibi, kuna Omoide Yokocho, kichochoro cha vibanda vilivyotokana na soko la magendo baada ya vita. Vibanda vya watu sita saba, moshi mpaka kwenye nywele. Wageni wengi, bei imepanda, lakini unaona unachochomewa.


#13 Fundi Kigamboni

Niruhusuni nitoe upande ambao mkuu ameupita haraka. Mimi nimekuja kwa mafunzo ya kiwandani, si chuo. Kwetu karamu ya kazini, nomikai, haikuwa hiari. Bosi wa zamu alikuwa anajaza glasi yangu kila nikipunguza, na mila hiyo ya kujaziana ambayo mwanzisha uzi ameisifu, kwa mtu asiyetaka kunywa ni mateso. Nilikuwa nakunywa kwa woga wa mkataba wangu. Nilitapika kwenye treni, asubuhi nikasimama kwenye mashine. Miezi minane ilikuwa hivyo. Sisemi izakaya ni mbaya. Nasema msiwaambie vijana kwamba ni upendo mtupu.


#14 MtoRuvu

Fundi, asante, na pole kwa yaliyokupata. Nimesoma mara mbili. Ni kweli niliandika kama mtu anayekwenda kwa hiari yake, na anayekwenda kwa hiari hauoni huo mzigo.

Wajapani wenyewe wana neno kwa hilo: aruhara, unyanyasaji wa pombe. Kumlazimisha mtu kunywa siku hizi ni aibu kwa kampuni, na vyuo vinafundisha wanafunzi wapya kukataa. Kwa anayeingia kwenye hali kama ya Fundi, mbinu ni hii: acha glasi ijae. Usiipunguze. Glasi iliyojaa haijazwi tena. Ukishaonja kwa ajili ya kugonga, iache pale pale mpaka mwisho, uagize oolong pembeni. Na "kusuri o nonde imasu", natumia dawa, hufunga mjadala kwa heshima. Anayeendelea kukusukuma baada ya hapo, yeye ndiye aliyekosa adabu, na meza nzima inajua.

Mengine ya sheria niliyoyasahau. Umri wa kunywa ni miaka 20. Utu uzima ulishushwa kuwa miaka 18 mwaka 2022, lakini wa pombe haukuguswa, kwa hiyo wadogo zetu wa miaka 18 na 19 wanaokuja na udhamini wasidanganyike. Kuendesha gari ukiwa umekunywa huadhibiwa wewe, aliyekupa gari, aliyekuuzia pombe na hata uliyempakia akijua. Na BAISKELI, wakuu. Tangu Novemba 2024, hata anayeendesha baiskeli akiwa na kilevi mwilini, bila kulewa chakari, anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa hadi yeni 500,000. Nusu ya wanafunzi wetu wanakwenda izakaya kwa baiskeli. Isukume kwa mkono mpaka nyumbani, au iache stesheni.

Treni za mwisho ni karibu na saa sita usiku. Tazama saa kabla ya shime, si baada.


#15 Mkulima wa Nachingwea

Mimi sijafika Japani, ni msomaji tu. Nimefurahi hapo kwenye kuku. Je, ufuta wanautumia? Huku kwetu wanunuzi hutuambia mzigo mwingine unakwenda Japani.


#16 MtoRuvu

Mzee wangu shikamoo. Wanautumia sana, na ni kweli Tanzania ni moja ya nchi zinazowauzia. Ufuta wao karibu wote unatoka nje. Upo juu ya mabawa ya kuku ya Nagoya, yaliyokaangwa yakapakwa mchuzi wa pilipili manga, Kipanga atayakuta huko huko. Mchicha wa kuchemsha unachanganywa na ufuta uliotwangwa, gomaae, na hiyo mara nyingi ndiyo inayowekwa kwenye kile kibakuli cha mwanzo. Kinu chao ni cha udongo, ndani kina mikwaruzo, mchi wa mbao, unasaga kwa kuzungusha. Harufu ni ya nyumbani kabisa.


#17 Mkulima wa Nachingwea

Marahaba mwanangu. Nitawaambia wenzangu.


#18 BintiKisauni

Narudi na habari. Nilikwenda jana. Yule mratibu alihamisha karamu kutoka mahali alipopanga mwanzo, akatafuta izakaya ya samaki karibu na stesheni, akaenda mwenyewe siku moja kabla akazungumza na mpishi. Nilipokaa, wenzangu kumi na mmoja waliletewa vibakuli vya kitu cha rangi ya kahawia. Changu kilikuwa tofauti: vipande vitatu vya pweza wa kuchemsha, ndimu, na chumvi pembeni kwenye kisahani kidogo kama ukucha. Mpishi alitoka jikoni akasimama nyuma ya pazia kuangalia kama nitakula.

Nilikula vyote vitatu. Shangazi, alikuwa laini kuliko wa nyumbani. Sikujua niseme nini kwa Kijapani nikamwambia tu "tako, oishii", naye akainama, nami nikainama. Saa mbili kasoro nikaaga.

Swali langu la mwisho: wanamlainisha vipi? Kwetu tunampiga kwenye mawe.


#19 MamaShehia

Alhamdulillahi. Wanamsugua kwa chumvi, mwanangu, mpaka ute wote utoke, wengine wanampiga kwa figili ile nene, halafu wanamchovya kwenye maji yanayochemka kidogo kidogo, miguu kwanza, ijikunje. Njoo Fukuoka likizo nikuoneshe.